Ramani Namba Kumi na Nne

Nyumba ya mama yangu niliichagua kwa dakika zisizozidi kumi, nikiwa nimesimama, katika ofisi ya mchoraji ramani mjini Machakos, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna suti niliyoichagua kwa muda mrefu zaidi ya huo. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya bima Nairobi, na akiba yangu yote ilikuwa na kazi moja tu: kumtoa mama katika nyumba ya udongo kule Mitaboni na kumweka katika nyumba ya mawe. Baba alikuwa ameshafariki. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa. Mimi ndiye niliyekuwa mwana wa kiume pekee, na tena kifungua mimba, na kwetu neno hilo si pambo. Mzaliwa wa kwanza akikohoa, kikao cha familia kinanyamaza. Nilianza kukohoa nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka tuliomzika baba, na nilikuwa nimezoea kunyamaziwa.

Habari za ramani zilizo tayari nilizipata kwa mwenzangu wa ofisini aliyenunua ploti Syokimau, enzi zile kukiwa nyasi tupu na upepo. Huyu bwana hakuajiri mtu wa kumchorea. Alikwenda kwa mchoraji, akapewa faili la plastiki lenye nyumba zilizokwisha kuchorwa, akachagua moja kama mtu anayeagiza chakula hotelini, jina lake likaandikwa pembeni, na mwezi uliofuata akachimba msingi. Nyumba ikasimama vizuri. Pale Syokimau hapakuwa na mtu aliyeishi juu ya ile ardhi kabla yake, wala mtu wa kuulizwa chochote. Hilo sikuliona wakati ule. Niliona tu kwamba watu wanapoteza miaka wakibishana na wachoraji bure.

Mchoraji wangu alikuwa mwanamume mpole wa kutoka upande wa Kiambu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alinifungulia faili. Nyumba zake hazikuwa na majina, zilikuwa na namba. Namba kumi na mbili ilikuwa na milango mingi mno. Namba kumi na tatu ilikuwa ya ghorofa, na mama hakuwa mtu wa ngazi. Namba kumi na nne ilikuwa na veranda, sebule, jikoni la ndani na vyumba vitatu, kimoja kikiwa pembeni, chenye choo chake. Mchoraji alikuwa amechora hata kitanda ndani ya chumba kile, na mto juu ya kitanda. Nilimwona mama amelala pale. Nje alikuwa amechora mti wa duara na mwanamke mdogo asiye na uso, amesimama verandani.

"Hii," nikasema.

"Shamba yenu ikoje?" akaniuliza. "Iko na mteremko?"

Mitaboni kuna nini kisicho na mteremko? Hata kuku wetu wana mguu mmoja mfupi. Nikamwambia kuna mahali pamoja tambarare, nyuma ya ghala la mama, panatosha kabisa.

"Sikia," akasema, "hii ni ramani ya kuanzia, si ya kujengea. Inakupa picha tu, ujue unataka nini. Ukiwa tayari, lazima mtu aende saiti aangalie. Maji inapita wapi, kuna makaburi wapi, wenye boma wanasema nini. Halafu tunabadilisha. Hii nyumba haijawahi ona shamba yenu."

"Makaburi yetu nayajua yote," nikamwambia. "Na mwenye boma ni mimi."

Alinitazama kidogo, halafu akachukua kalamu akaandika jina langu pembeni. Nakala zilipotoka kwenye mashine zilinuka dawa ya amonia mpaka machozi yakanitoka. Nilizikunja nikazitia kwapani na kuteremka ngazi nikiwa mtu mwenye nyumba.

Mama alikuwa akisoma Biblia ya Kikamba bila miwani, lakini ramani ilimshinda. Aliigeuza huku na huku juu ya meza, akaishika kwa ncha za vidole kana kwamba bado imelowa. Nilimweleza kwa kidole: hapa sebule, hapa jikoni, na hapa, mama, ni chumba chako, na choo chako, hutatoka tena na mwavuli usiku. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. Nyumbani tulizungumza Kikamba, na maneno yake ninayaandika hapa kwa Kiswahili changu.

"Itakaa wapi?"

Nikamwonyesha kupitia mlangoni. Pale penye nyasi.

Lazima nieleze pale penye nyasi. Shamba letu lilikuwa limelimwa mpaka mlangoni. Mahindi na mbaazi vilikuwa vikigonga dirisha, na kwenye kingo za matuta palikuwa na viazi vitamu na majani ya ng'ombe. Mama hakuacha hata upana wa jembe bila kitu. Lakini nyuma ya ghala palikuwa na sehemu ndogo ambayo haikuwahi kulimwa tangu nipate akili. Tulipokuwa watoto alitufukuza tukichezea pale. Alisema ni pa kuanikia mbaazi, ingawa sikuwahi kuona mbaazi zimeanikwa pale. Nilipokua nilichukulia kwamba kila mkulima ana kona yake ya uvivu, na hiyo ndiyo ya mama. Sasa niliiona kama bahati.

Mama akasema, "Haiwezi kusogea kidogo, ije huku kwa jikoni?"

"Haiwezi. Huku ni mteremko. Tutahitaji ukuta wa kuzuia udongo, na ramani haina ukuta."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa siku tuliyopigilia vigingi na kuvuta uzi. Mama alikuja akasimama karibu na uzi, akauliza kama nyumba haiwezi kugeuka, mlango ukaangalia mlimani. Nilimjibu kwamba mlango unaangalia barabara, ndivyo ilivyochorwa. Mara ya tatu ilikuwa jioni hiyo hiyo, tukinywa chai. Alisema, bila kuniangalia, "Mimi ni mtu mmoja. Hicho chumba changu cha pembeni kikitolewa, vyumba viwili havitatosha?"

Nilicheka. Nikamwambia ramani nzima niliichagua kwa ajili ya chumba hicho. Niliishika ile karatasi kama Musa alivyoshika zile mbao za mawe, na huku ni kazi ambayo mchoraji angeimaliza kwa kifutio na robo saa. Alikuwa ameniambia mwenyewe, ni ya kuanzia, tutabadilisha. Lakini mimi nikishasema hivi, huwa ni hivi. Nilirithi hilo kwa baba, na nilikuwa nikijivunia.

Fundi alitoka Muthetheni, mtu mzima mwenye mikono mizito na maneno machache, na alikuja na wasaidizi wawili. Kabla ya kushika sururu aliniuliza kama kuna mahali popote pa kuruka, pasipotakiwa kuchimbwa. Nikamwambia ramani imeshapitishwa na halmashauri, mhuri upo. Akaitikia kwa kichwa, wakaanza. Walianzia upande wa chumba cha mama kwa sababu pale ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, na ilibidi paparuliwe kwanza ndipo mtaro wa msingi uchimbwe. Udongo ulikuwa mwekundu na laini. Kabla ya saa sita palikuwa na lundo linalofika kifuani.

Mama alileta chai. Kwa kawaida angeacha birika na kurudi zake. Siku hiyo alisimama ukingoni, mikono imefungwa ndani ya leso, akitazama kila sepetu inayopanda.

"Huu udongo mnaupeleka wapi?" akamwuliza fundi.

"Mwingine tutajazia veranda, mama, na mwingine utabebwa na lori. Usiwe na wasiwasi, hatutakuachia kichuguu mlangoni."

Wasaidizi wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Hauwezi kukaa hapo mpaka kesho?"

Fundi alisema lori limekodiwa kwa leo tu. Mama akaitikia kwa kichwa, akachukua vikombe akaondoka. Siku hiyo hakula. Niliiona sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, imefunikwa vilevile, mchana na hata jioni, na nikadhani ni furaha imemjaa tumboni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani.

Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka miwili, maana mshahara wa karani hujenga kwa kusimamasimama. Lakini nyumba iliisha, kama ilivyochorwa, hata mti wa duara niliupanda. Tuliita watu wa kanisa wakaja kuiombea. Mchungaji aliingia chumba kwa chumba, na akina mama wakaimba nyuma yake. Mama alikaa verandani kwenye kiti cha plastiki, akasema anangoja wali uive. Aliwalisha watu wote, akawashukuru, akawasindikiza hadi barabarani. Kisha akaingia katika nyumba yake ya udongo akafunga mlango.

Nilisema atazoea. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mwaka ukapita. Dada zangu walikuja na watoto wao wakalala kwenye nyumba mpya. Wageni walilala. Mama alifagia sebule, alipika wakati mwingine katika lile jikoni la ndani, lakini chumba cha pembeni hakuwahi kukikanyaga. Godoro nililomnunulia lilibaki na nailoni yake. Akitaka kufagia korido, alifika kwenye mlango wa chumba kile akageuza ufagio.

Watu waliona. Mitaboni watu huona. Sokoni mtu mmoja aliniuliza kwa utani kama ile nyumba nimejengea mama au nimejengea barabara. Nilicheka naye, kisha nikaendesha gari la kuazima hadi nyumbani nikiwa nimeuma meno.

Niliyomwambia mama siku hiyo nisingependa kuyaandika, lakini nikiyaacha nitakuwa nimejichorea nyumba nyingine ya kupendeza. Nilimwambia amenifanya mjinga mbele ya watu. Nilimwambia nimekula ugali mkavu Nairobi kwa miaka ili yeye alale kama binadamu, naye ameng'ang'ania moshi na mchwa. Nikamwambia kama chumba hakitaki, vizuri, kesho naleta kuku mia moja nawafugia mle ndani.

Mama yangu alikuwa mtu wa kuagiza. Hakuwahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Alishika mwimo wa mlango wa nyumba yake na kusema, "Usitie kuku mle. Nakuomba."

Niliondoka bila kumuaga. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Badala ya kwenda kanisani nilivuka bonde kwenda kwa shangazi yangu, dada ya baba, niliyejua ndiye pekee anayeweza kumkemea mama. Alikuwa amekaa nje anapukuchua mbaazi kwenye ungo. Nilimwaga malalamiko yangu yote, kuanzia faili la plastiki mpaka kuku. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Wewe ni mtoto wa ngapi kwa mama yako?"

"Wa kwanza," nikasema. Swali lilinishangaza.

"Wewe ni wa pili."

Akaniambia. Kulikuwa na mvulana kabla yangu. Alizaliwa katika ile nyumba ya udongo, shangazi mwenyewe akiwa mmoja wa wanawake waliompokea, na baba akiwa kazini Mombasa. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo hahesabiwi kuwa mtu bado, yuko njiani tu, anaweza kurudi alikotoka. Huyu alirudi siku ya pili. Bibi na shangazi walimzika nyuma ya ghala, bila mwanamume yeyote, bila wimbo, bila jiwe. Mama alikatazwa kumlilia kwa sauti. Waliambiwa hivyo na waliowatangulia: ukimlilia ambaye hajafika, unawafungia njia wanaokuja. Kwa hiyo mama hakulia. Mwaka uliofuata nikaja mimi, na siku niliyopewa jina alilia sana, wanawake wakasema ni furaha.

Majina ya watu wote nimeyaacha nje ya habari hii kwa sababu hiyo. Sitaki yeye peke yake awe hana.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza.

"Akuambie nini? Mwanamke amweleze mwanawe wa kiume habari za uzazi wake?" Kwetu kuna kitu kinachoitwa nthoni, haya inayokaa kati ya mama na mwana wa kiume, na mambo ya kitanda cha kuzalia hayaivuki. "Alikuuliza mara tatu kama nyumba inaweza kusogea. Alikuja akaniambia: nimemwuliza mara tatu. Angekuambiaje tena?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, watu husema. Mimi sikuwa kata wala mtungi. Nilikuwa mtu aliyekuja na karatasi. Nilirudi kwa kupitia njia ndefu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwake, ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa cheupe kichwani. Nilisimama mbele yake.

"Mama, nimetoka kwa shangazi."

Alinitazama usoni, na nikajua kwamba amejua. Hakuuliza nimeambiwa nini. Mimi nisingeweza kulisema, na yeye asingeweza kulisikia likisemwa, kwa hiyo tulizunguka kando yake kama watu wanaozunguka shimo.

"Nitaivunja," nikasema. "Kile chumba. Nitaita fundi wiki ijayo."

"Usivunje. Utavunja ili iwe nini? Hayuko pale tena." Aliyasema haya polepole sana. "Niko na wavulana wawili. Mmoja amejenga juu ya mwingine. Hebu niambie wewe, uliyesoma, mimi nimkasirikie nani?"

Nilichuchumaa pale chini, na yeye akaweka mkono juu ya kichwa changu kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Afadhali angenipiga.

Baada ya muda akauliza, "Ule udongo. Ulipelekwa wapi?"

Nilikwenda Muthetheni kumtafuta fundi. Nilimkuta kwenye jengo lingine sokoni, akashuka kwenye jukwaa la mbao kunisikiliza. Nilipomweleza alivua kofia. Akasema mwingine ulijazwa chini ya veranda, anavyokumbuka, lakini mwingi ulibebwa na lori kwenda kuziba makorongo ya barabara, pale kwenye kona kabla ya kufika soko la Mitaboni. Ulichanganyika. Hakuna mtu angeweza kusema upi ni upi.

"Ungeniambia, mkubwa," akasema. "Watu huacha hata futi tano tu, tunazunguka. Si kazi. Nilikuuliza kama kuna pa kuruka."

"Nakumbuka," nikamwambia.

Nilimpelekea mama majibu hayo. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliniambia nimwonyeshe. Tulitembea sisi wawili, yeye na mkoba wake wa Biblia, mimi na viatu vya Nairobi. Watu walitupita wakitusalimu, naye akaitikia kila mmoja na kuuliza habari za watoto. Tulipofika kwenye kona nilisimama. Korongo lilikuwa limezibwa zamani, mvua za misimu kadhaa zimepita juu yake, na magari yamelishindilia. Palikuwa kama barabara nyingine yoyote.

"Ni hapa?"

"Nadhani ni hapa."

"Unadhani," akasema mama.

Alisimama kando kwenye majani. Pikipiki moja ilipita, kisha mwanamke na punda wa maji. Mama alingoja wapite, akatazama barabara, akaguna kidogo kama mtu aliyeonyeshwa hesabu ikamtosha. Kisha akasema turudi, chakula kitaungua. Njiani akaniambia jambo moja, naye akaliambia lile bonde zaidi kuliko alivyoniambia mimi. "Siku yangu ikifika, udongo wangu usibebwe. Wote urudi juu yangu. Hata ule wa kwenye sepetu."

Nikamwahidi.

Miaka iliyofuata nilifanya kitu kidogo nilichobaki nacho. Nyumba ya udongo ilikuwa inachoka, nikaikarabati kwa likizo zangu, mwenyewe, nikikanda udongo kwa miguu. Sikuwa na ramani. Nilikuwa na mama kwenye kigoda. Niliuliza kila kitu. Dirisha likae wapi? "Liko sawa lilipo," alisema. Ukuta huu niunyooshe? "Huo umepinda tangu babako, uache." Mwishowe alichoka na maswali yangu akaniambia niangalie nisije nikamwuliza ruhusa ya kupumua. Tulicheka. Hatukuzungumza tena habari za chumba cha pembeni, na mlango wake niliufunga kwa kufuli. Ufunguo nilimpa yeye.

Alifariki baada ya ugonjwa wa wiki tatu, mwaka ambao mbaazi zilikuwa nyingi hata wezi walizichoka. Tulimleta nyumbani asubuhi. Kwetu marehemu huingia nyumbani mwake kwanza kabla ya kwenda kaburini, na watu wa kanisa, waliojua tu kwamba kijana huyu alimjengea mama yake nyumba nzuri, wakamwingiza katika nyumba ya mawe. Sikuwa na nguvu ya kuwazuia. Wakasema apumzike kidogo chumbani mwake. Nikatoa kufuli, kwa ufunguo niliouchukua kwenye mkoba wake wa Biblia.

Jeneza halikukata kona. Korido ya namba kumi na nne ina kona moja, karibu na choo, na aliyeichora alifikiria kitanda kinachopitishwa vipandevipande, hakufikiria kitu kirefu kisichokunjika. Wanaume sita walijaribu. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena upande mwingine. Mmoja akasema tukilisimamisha litapita. Shangazi, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa fimbo, aliinua mkono. "Mwacheni hapo sebuleni," akasema. "Amekataa." Wakadhani ni maneno ya uzee, wakamweka juu ya meza ya sebule.

Kaburi lilichimbwa kando ya baba, chini kwenye mkonge. Niliwaambia vijana wa kijiji mapema: hakuna sepetu hata moja ya udongo itakayotupwa kwenye matuta. Waliitikia, lakini wakati wa kufukia ukifika vijana huwa na haraka, kuna wali unangoja. Walifukia, wakatengeneza tuta, wakalipiga mgongo kwa sepetu likalainika. Pembeni ulibaki udongo uliosambaa kwenye nyasi, na mmoja akaanza kuusukuma kwa mguu kuelekea shambani.

Nikamwambia aache. Nilipiga magoti, na suti yangu, nikaanza kuukusanya kwa viganja na kuurudisha juu ya mama. Nilipangusa sepetu zao moja baada ya nyingine kwa kidole. Mchungaji alikuwa ameshafunga kitabu. Kijana mmoja aliniinamia kwa heshima akasema, "Mzee, imetosha." Nikamwambia bado. Chini ya nyasi kulikuwa na punje nyekundu, nikazitoa moja moja, na hapo ndipo kilio kilinishika. Nililia kwa sauti kubwa, mwanamume mzima, mbele ya kanisa lote, na sikuwa namlilia mama peke yake.